Namna ya kulinda stoo ya vifaa vya shamba dhidi ya wezi

MWIZI wa mashambani hajali iwapo mwenye boma ni tajiri au ni mkulima wa ekari moja. Anachotafuta ni kitu kinachobebeka, kinachoweza kuuzwa kabla ya jua kuchomoza na ambacho hakina alama ya mwenyewe. Katika maboma mengi nchini, vitu vya aina hiyo vimekusanywa mahali pamoja, katika kile kijumba cha mabati au mbao kilichojengwa nyuma ya nyumba. Wako wanaokiita ghala, wako wanaokiita bohari, na walio wengi hukiita stoo tu.

Ajabu ni kwamba kijumba hicho huwa cha mwisho kufikiriwa pindi suala la usalama linapozungumzwa. Nyumba ya kulala huwekewa mlango wa chuma na nondo madirishani, ilhali stoo hufungwa kwa kipande cha waya au kufuli ya bei ya chini kabisa dukani. Hebu msomaji aorodheshe yaliyomo humo: majembe, mapanga, shoka, mtaimbo, ngazi, toroli la gurudumu moja, bomba la mgongoni la kunyunyizia dawa, pampu ya maji, mipira ya kunyunyizia, pengine paneli za sola, mbolea, mbegu, chakula cha mifugo na, baada ya mavuno, magunia ya mahindi ya kilo 90. Akijumlisha gharama ya kununua vyote upya, huenda akagundua kwamba stoo ina thamani kuliko sebule.

Tena hasara ya wizi wa namna hii haipimwi kwa bei pekee. Mkulima anayeibiwa televisheni atakaa bila televisheni. Anayeibiwa mbegu na mbolea wiki ya kwanza ya mvua ya masika amepoteza msimu mzima, kwani mvua haimngoji mtu atafute fedha nyingine. Mwaka 2022 bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ilipita Sh6,000 kabla ya serikali kuanzisha mpango wa ruzuku ulioiteremsha hadi Sh3,500 Septemba mwaka huo, na hatimaye Sh2,500 Agosti 2023. Lakini mbolea hiyo ya ruzuku hugawiwa kwa kufuata usajili wa mkulima. Aliyechukua mgao wake na kuibiwa hurudi sokoni kununua kwa bei ya wafanyabiashara.

Ipo hatari nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha. Panga, shoka, mtaimbo na ngazi ni zana za mkulima mchana na zana za mhalifu usiku. Mwizi hahitaji kutembea barabarani na mtaimbo begani na kujitia mashakani anapokutana na polisi wa doria. Anajua atakuta mmoja katika stoo ya huyo huyo anayekwenda kumvunjia. Kwa hivyo stoo iliyo wazi huhatarisha pia mlango wa chumba cha kulala na maisha ya waliomo. Kwa maoni yetu, sababu hii moja ingetosha kumfanya mtu afunge ngazi na mapanga hata kama hana kitu kingine cha thamani.

Sheria inavyosema

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63 ya Sheria za Kenya, haikuisahau stoo. Kifungu cha 306 kinamhusu anayevunja na kuingia katika duka, ghala, stoo, ofisi au jengo lililo kando ya nyumba ya kuishi na linalotumiwa pamoja na nyumba hiyo ingawa si sehemu yake, kisha akatenda kosa kubwa humo ndani, wizi ukiwemo. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka saba. Kuvunja nyumba ya kuishi kwa nia ya kutenda kosa kama hilo pia kunaweza kumletea mtu miaka saba chini ya kifungu cha 304, na miaka 10 iwapo ilikuwa usiku.

Wengi hudhani kwamba stoo isiyokuwa na kufuli haiwezi kusemwa kuwa "imevunjwa". Sivyo. Kifungu cha 303 kinaeleza kwamba kufungua mlango au dirisha kwa kusukuma, kuvuta, kuinua au kwa njia nyingine yoyote ni kuvunja. Hata hivyo, mwenye mali asijipumbaze kwa hilo. Kampuni za bima zinazotoa bima ya wizi wa kuvunja aghalabu hudai kuona dalili kwamba nguvu ilitumika, na mlango uliofungwa kwa waya hauachi dalili yoyote.

Adhabu iliyo kali kuliko hizo ni ya anayepokea mali ya wizi. Chini ya kifungu cha 322, anayeshughulikia mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa anaweza kufungwa hadi miaka 14. Anayenunua pampu ya maji kando ya barabara kwa robo ya bei, bila risiti, kutoka kwa mtu asiyemfahamu, yafaa akumbuke idadi hiyo ya miaka.

Mahali pa kujenga

Stoo nyingi hujengwa mahali palipobaki. Nyumba, zizi, choo na jiko vikishapata nafasi zao, stoo husukumwa hadi mpakani, nyuma ya migomba au nyasi za mabingobingo, mahali ambapo mtu anaweza kufanya kazi ya saa nzima bila kuonekana. Iwapo bado hujajenga, ichague sehemu ambayo mlango wake unaonekana kutoka dirisha la chumba unacholala, na ambayo haiko kando ya barabara wala njia ya miguu. Iwapo tayari imejengwa, fyeka kichaka kilicho mbele yake. Mwizi huogopa macho kuliko anavyoogopa chuma.

Ua wa boma nao una kazi yake. Kayaba iliyopandwa kwa kubanana na kupogolewa mara kwa mara hufanya ukuta wa miiba ambao mtu hapenyi bila kuraruka, na hata akipenya mwenyewe hawezi kupitisha gunia la mahindi. Hapa ndipo ubora wake ulipo: si lazima ua umzuie mwizi kuingia, almuradi umzuie kutoka na mzigo. Ua wa waya unaokatwa kwa koleo dakika moja haufikii uwezo huo, ijapokuwa hugharimu fedha nyingi zaidi. Kasoro ya kayaba ni kwamba huchukua miaka kadhaa kukomaa, na pengo moja lililoachwa ili ng'ombe wapite huharibu kazi yote.

Kuta na paa

Watu hutazama mlango kwanza, lakini wezi wenye uzoefu hutazama paa. Bati lililopigiliwa kwa misumari ya kawaida ya mabati hung'olewa kwa mtaimbo bila kelele nyingi, hasa mbao za paa zikiwa zimechakaa. Na mvua inaponyesha juu ya mabati, hata mtu akigonga kwa nyundo hasikiki ndani ya nyumba. Si ajabu basi kwamba asubuhi baada ya usiku wa mvua kubwa ndipo watu wengi hukuta stoo zao zimepakuliwa.

Dawa yake ni rahisi. Mabati yafungwe kwa skrubu au kwa bolti zenye ndoana zinazoshika boriti kwa chini, badala ya misumari mitupu, angalau katika mistari miwili ya ukingoni ambako mwizi huanzia. Skrubu na bolti za namna hii hazing'oki kwa kupenyezwa chuma. Mwenye uwezo zaidi anaweza kutandaza wavu wa BRC chini ya mabati, ukachomelewa au kufungwa kwenye boriti, hivi kwamba atakayefungua bati akute dari ya chuma. Unaponunua mabati, kumbuka pia kwamba geji hupimwa kinyume na watu wanavyodhani: nambari ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 32 hukatwa kama kopo. Geji 28 humtoa mtu jasho.

Kuta za mabati zenyewe zina udhaifu mkubwa, nao ni kwamba misumari yake iko nje. Hakuna haja ya kuvunja chochote. Mtu huing'oa tu, akainua bati kama pazia. Anayejenga kwa mabati anapaswa kuhakikisha kwamba nguzo na fito ziko karibu karibu kiasi kwamba hata bati likitoka, mwili wa mtu hauwezi kupita kati yake. Mabanzi ya mbao yana tatizo lilo hilo. Ukuta wa udongo nao hutobolewa usiku kwa maji na chuma chenye ncha, tena kwa ukimya kuliko mabati, kwa sababu udongo ulioloweshwa hauna sauti. Mawe au matofali yaliyojengwa kwa saruji juu ya msingi, pamoja na sakafu ya zege, ndiyo suluhisho la kudumu. Asiyeweza kujenga kuta zote kwa mawe afikirie kujenga chumba kidogo tu cha mawe, cha futi sita kwa sita, ndani ya stoo au kando ya nyumba, akaweka humo pampu, dawa na zana kali, na kuacha majembe na vikapu katika banda la kawaida.

Matundu ya hewa hayaepukiki, kwani mahindi na mbolea huharibika penye unyevu. Yawe juu, karibu na paa, na yawe na nondo zilizopachikwa ndani ya ukuta wakati wa ujenzi, si zilizobandikwa kwa nje. Nafasi kati ya nondo na nondo isizidi upana wa kiganja. Mafundi wa zamani walikuwa na kipimo chao: kichwa kikipita, mwili mzima umepita. Wengine huajiri mtoto mwembamba kwa kazi hiyo hiyo.

Mlango na kufuli

Yafaa kuvunja dhana moja hapa. Kufuli kubwa ya kung'aa haisaidii kitu ikiwa imetundikwa kwenye komeo iliyopigiliwa kwa misumari miwili. Mwizi haigusi kufuli. Hupenyeza mtaimbo nyuma ya komeo, akaing'oa pamoja na kipande cha mbao, na kufuli yako huipata chini asubuhi ikiwa bado imefungwa. Kwa hivyo fedha za kwanza zitumike kwenye komeo na fremu, za pili kwenye kufuli.

Komeo ifungwe kwa bolti zinazopenya mlango wote hadi upande wa pili, nati zikazwe kwa ndani juu ya bamba la chuma, na vichwa vya bolti viwe vya mviringo visivyoshikika kwa spana. Pete inayopokea komeo nayo ifungwe vivyo hivyo, au ichomelewe kwenye fremu ya chuma iliyoingizwa ukutani. Mlango wa mbao usiwe mwembamba kuliko inchi mbili. Zile mbao laini za saiprasi zilizopigwa pamoja kwa misumari huachana kwa teke. Bawaba zikiwa nje, kama inavyokuwa kwa milango inayofunguka kwa nje, mtu anaweza kutoa pini zake na kuuondoa mlango mzima bila kugusa kufuli. Fundi wa kuchomelea akizichomelea ncha za pini hizo, kazi imekwisha. Ni kazi ya dakika chache na isiyo ya gharama, na bado ni nadra kuikuta.

Mafundi wetu wa jua kali wana ubunifu ambao unastahili kusifiwa. Ni ule mlango wa chuma ambao kufuli yake imefichwa ndani, nyuma ya tundu dogo linalotosha mkono mmoja tu. Mwenyewe hupitisha mkono, akafungua kwa kupapasa. Mkasi wa chuma wa mikono mirefu hauwezi kupita hapo, wala mtaimbo haupati mahali pa kuegemea. Ubunifu huu, uliozoeleka katika nyumba za kukodisha mijini, haujaenea vya kutosha katika stoo za mashambani. Asiyeweza kubadilisha mlango anaweza kuchomelewa kisanduku cha chuma kinachoifunika kufuli kwa juu na pande zote, pakabaki uwazi wa chini pekee.

Kuhusu kufuli yenyewe, tazama ule upinde wake kuliko mwili. Upinde mwembamba, mrefu na usiokomazwa kwa moto hukatwa kwa msumeno wa chuma. Upinde mnene na mfupi, ambao karibu wote umezama ndani ya mwili wa kufuli, haumpi mtu nafasi ya kuingiza kitu. Jihadhari pia na kufuli za bei ya chini zinazouzwa kwa makasha: funguo zake hutengenezwa kwa mitindo michache tu, hivi kwamba ufunguo wa jirani unaweza kufungua mlango wako. Njia ya kupima ni kununua mbili na kujaribu ufunguo wa moja kwenye nyingine. Kutia mafuta kidogo kila mwanzo wa mvua huzuia kutu. Kufuli iliyoshika kutu ndiyo huwafanya watu waanze kuiacha wazi.

Funguo na watu

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Si kila mwizi huruka ua. Stoo hufunguliwa mara nyingi kwa siku, na kila anayeingia huona kilichomo: kibarua wa siku moja, fundi, jirani anayeazima panga, kijana wa kupeleka maziwa. Hatusemi watu hawa ni wezi. Tunasema kwamba habari husafiri, na mtu mwaminifu anaweza kusimulia kilichomo stoo mbele ya asiye mwaminifu.

Ufunguo uwe na mwenyewe, mmoja tu, na wa akiba ukae ndani ya nyumba. Kuuficha juu ya linta au chini ya jiwe ni mazoea ambayo kila mwizi anayajua, maana hata kwao huufichwa hapo hapo. Mfanyakazi anapoondoka, kwa heri au kwa shari, kufuli ibadilishwe siku hiyo hiyo. Baadhi ya waajiri huona haya kufanya hivyo wakidhani ni kumtuhumu mtu. Kwa kweli ni kumkinga, kwani stoo ikivunjwa baadaye, yeye ndiye wa kwanza kutajwa.

Daftari la kuazimia nalo lisidharauliwe. Andika jina, kifaa na tarehe. Majembe mengi yanayosemekana "kuibwa" yamelala kwa majirani, na mwenyewe amesahau. Aidha, daftari humwezesha mtu kugundua upungufu siku ile ile badala ya mwezi ujao wakati wa palizi.

Ndani ya stoo

Mwizi aliyekwisha kuingia bado anaweza kucheleweshwa. Pachika pete ya chuma katika zege la sakafu au ukuta, kisha pitisha mnyororo mmoja katika gurudumu la toroli, ngazi, mshikio wa pampu na bomba la dawa, ukaufunga kwa kufuli ya pili. Mtu aliyepanga kukaa dakika tano hatapenda kukaa thelathini. Pampu ya petroli, ikiwezekana, isilale stoo kabisa. Ichukuliwe ndani ya nyumba baada ya kumwagwa mafuta yake. Paneli za sola zilizo juu ya kisima au kando ya mto ndizo ngumu kulinda, maana haziwezi kuhamishwa kila jioni. Baadhi ya wakulima huzifunga juu ya fremu yenye magurudumu ili zisukumwe hadi nyumbani, jambo linalowezekana kwa pampu ndogo. Kwa zile kubwa, bolti zichomelewe na nguzo iwe ndefu.

Petroli isiwekwe pamoja na mbolea, hasa ile ya aina ya CAN yenye amoniamu naitreti, kwani mbolea ya namna hiyo huchochea moto. Dawa za kuua wadudu ziwe katika kabati lenye kufuli yake, ndani ya chupa zake za awali, mbali na chakula. Hilo ni kwa ajili ya watoto kuliko wezi.

Alama

Ikiwa msomaji ataiacha makala hii akiwa amefanya jambo moja tu, basi na liwe kutia alama. Vituo vya polisi hupokea pampu, mapanga na mabomba ya dawa yaliyonaswa katika misako, na mara nyingi mwenye mali hufika, akatazama, akasema "inafanana na yangu". Kufanana si ushahidi.

Mahakama ya Rufaa imeeleza kwa miaka mingi masharti ya kumtia mtu hatiani kwa kukutwa na mali iliyoibwa karibuni. Ni lazima ithibitishwe kwamba mali hiyo ilipatikana kwa mshtakiwa, kwamba ni mali ya mlalamishi bila shaka, kwamba iliibwa kutoka kwa mlalamishi, na kwamba iliibwa muda si mrefu uliopita. Sharti la pili ndilo linalowaangusha wakulima kizimbani. Wakili wa mshtakiwa huuliza swali moja: "Panga kama hili si linauzwa katika kila duka?" Na shahidi asiyekuwa na alama hana jibu.

Kwa vitu vya chuma, fundi wa jua kali anaweza kugonga herufi tatu au nne kwa vipigio vya chuma. Vipini vya mbao vichomwe kwa chuma moto, kama ng'ombe wanavyotiwa chapa. Weka alama mbili: moja inayoonekana, ili iwatishe wanunuzi, na nyingine mahali pa siri, chini ya mshikio au ndani ya kifuniko, ambapo mwizi atasahau kusaga kwa tupa. Mashine zote zina nambari ya kiwandani. Iandike katika daftari, piga picha kwa simu, na utume picha hizo kwa jamaa anayeishi kwingine, maana simu nayo huibwa. Risiti zihifadhiwe ndani ya nyumba. Wapo wanaozitundika kwenye msumari ndani ya stoo, zikaondoka pamoja na mashine.

Alama ina faida nyingine. Vyuma vingi vya wizi huishia kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara wa aina hiyo awe na leseni na aweke kumbukumbu za anachonunua. Januari 2022, baada ya uharibifu wa minara ya umeme, serikali ilisimamisha biashara hiyo kote nchini kwa miezi kadhaa kabla ya kuiruhusu tena chini ya masharti. Mnunuzi anayejua kwamba anaweza kuulizwa hatapenda kupima mtaimbo wenye jina la mtu.

Taa, mbwa na majirani

Taa inayowaka yenyewe inapohisi mtu akipita ni bora kuliko taa inayowaka usiku kucha. Ile ya kwanza humshtua mgeni na kuwaamsha wenyeji. Ya pili humsaidia mwizi kuona anachofanya. Siku hizi zipo za nishati ya jua zisizohitaji nyaya. Paneli yake ielekezwe mahali pasipo kivuli, na ipanguswe vumbi, la sivyo itazimika usiku wa manane.

Mbwa ni mlinzi mwema, ila mbwa aliyefungwa nyuma ya nyumba huku stoo ikiwa mbele habweki kwa wakati. Wezi huwatupia nyama yenye sumu. Mbwa aliyefunzwa kula katika chombo chake pekee, kutoka kwa mtu mmoja, ana nafasi ya kunusurika. Achanjwe dhidi ya kichaa kila mwaka. Wanaofuga bata bukini watakuambia kwamba ndege hao hulala kidogo, hupiga kelele kuliko mbwa na hawadanganyiki kwa kipande cha nyama.

Mpango wa Nyumba Kumi, ulioanzishwa mwaka 2013, umesifiwa na kulaumiwa. Kwa wizi wa stoo unafaa kwa sababu moja: mwizi wa vifaa hawezi kuvisafirisha bila kuonekana na mtu. Panapokuwa na makubaliano kwamba pikipiki inayobeba pampu au magunia saa tisa usiku itaulizwa inakotoka, njia hufungwa. Makubaliano hayo yafanywe kabla ya msimu wa kupanda na kabla ya sherehe za Desemba, wakati familia nyingi husafiri na maboma hubaki na mtu mmoja.

Yapo yasiyofaa kufanywa hata kwa hasira. Kuunganisha mlango wa stoo na nyaya za stima ili mwizi arushwe ni hatari kwa watoto, mifugo na mwenyewe, na atakayeua mtu kwa njia hiyo atakuwa yeye mshtakiwa. Vivyo hivyo kumpiga au kumchoma mshukiwa aliyenaswa. Zaidi ya kuwa ni uhalifu, kundi la watu lenye mawe haliulizi iwapo aliyenaswa ndiye, na aliyekufa hawezi kutaja aliyenunua mali.

Ukikuta imevunjwa

Usiingie. Usiokote kufuli wala kurudisha bati. Mwambie kila mtu asimame mbali, kwani nyayo na alama za vidole hupotea kwa kukanyagwa na kushikwashikwa. Piga simu kwa polisi kupitia 999 au 112, na umjulishe chifu au mzee wa mtaa. Ukifika kituoni, hakikisha taarifa yako imeandikwa katika kitabu cha matukio na upewe nambari ya OB. Kuripoti hakutozwi ada. Taja kila kifaa pamoja na alama na nambari yake, si "vifaa vya shamba" tu, kwa maana afisa atakayenasa pampu katika kaunti jirani wiki mbili baadaye atalinganisha na kilichoandikwa siku hiyo.

Kifaa kikipatikana, kitashikiliwa kama kielelezo cha kesi, na kesi huchukua muda. Mwenye mali anaweza, kupitia kwa kiongozi wa mashtaka, kuiomba mahakama iruhusu kipigwe picha kisha arejeshewe. Aombe mapema, hasa ikiwa ni msimu wa kunyunyizia. Na usiku ule ule wa wizi mlango ukarabatiwe na kufuli ibadilishwe, kwa kuwa wezi waliofaulu mara moja wanajua njia, wanajua walichoacha, na wanajua pia kwamba mwenyewe atanunua vifaa vipya.